Mpango Tulioupanga Bila Kogo

Mimi huuza mbegu, dawa za mifugo na chakula cha ng'ombe katika duka moja mjini Nakuru, na nina mdomo. Wateja wangu wanajua. Mkulima akitoka Kabazi aniambie kwamba ndama wake ana siku nne hanyonyi, dawa haitoki kwenye rafu kabla sijamgombeza. Namuuliza alikuwa wapi siku ya kwanza. Namuuliza kama alikuwa anangoja ndama amwandikie barua. Wengine hucheka, wengine hununa, lakini wengi hurudi, na mara ya pili huja mapema. Ndiyo maana naona aibu kusema kwamba binti yangu alifika miaka miwili na nusu bila kuniita mama, na mimi na mdomo wangu tulikuwa tukiwaambia watu kwamba ataongea tu.

Visingizio vilikuwa vingi na vyote vilikuwa vitamu. Baba yake alichelewa kuongea. Mjomba wangu mmoja alichelewa zaidi, na sasa hakuna mazishi yanayoisha kabla hajashika maikrofoni. Binti yangu alipopanga viatu vya nyumba nzima mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kitandani, nilisema ana akili. Nilipomwita naye asigeuke, nilisema ana kiburi cha ukoo wa baba yake. Jirani mmoja alipotaja usonji kwa sauti ya chini, nilimwambia huo ni wa wavulana, nikaacha kumwazima ndoo.

Tuliishi Lanet, na bado tunaishi hapo. Mume wangu hutengeneza pampu za maji katika shamba la maua Naivasha. Amepanga chumba Kihoto, kando ya ziwa, na kila mara linapojaa huhamisha godoro lake. Nyumbani huja Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu asubuhi. Kwa hivyo siku za kazi tulikuwa watatu: mimi, mtoto, na Kogo.

Kogo ni mama mkwe wangu. Kwao Keringet ndivyo bibi anavyoitwa, na mtoto alipozaliwa sote tuliacha jina lake jingine. Alikuja mtoto akiwa na miezi mitatu, nilipotakiwa kurudi dukani, akaleta kibuyu cha maziwa, blanketi mbili na redio. Kiswahili chake kilimtosha sokoni na kanisani. Kiingereza hakuwa nacho kabisa. Lakini Kipsigis alikuwa nacho cha kutosha kujaza nyumba. Alikuwa akichagua maharagwe anaongea na mtoto, anaanika nguo anaongea, anakoroga ugali anaongea. Mtoto hakumjibu hata siku moja, na hilo halikumzuia. Nikirudi jioni niliwakuta jikoni, mmoja akieleza habari ndefu, mwingine amemwegemea magotini akiangalia ukuta na kuguna taratibu.

Sikujua anasema nini. Mimi ni mjukuu wa mtu wa reli aliyetoka magharibi akaja Nakuru na sanduku la bati. Nilizaliwa mjini, lugha yangu ni Kiswahili, na Kiluhya changu ni cha salamu na matusi. Kipsigis nilikuwa nimeolewa nacho miaka saba na nilijua maneno kama matano. Mume wangu na mama yake wakianza kukizungumza mezani, niliamini wananisema mimi. Sikuwahi kuuliza ili nijue ukweli.

Kilichotuamsha ni Desemba moja kule Keringet. Kwa wakwe zangu, mtoto akikutana na mtu mzima huinamisha kichwa, na mtu mzima humwekea kiganja juu ya utosi. Ndiyo salamu, na ina baraka ndani yake. Siku hiyo ukoo wote ulikuwa umekusanyika. Kiganja cha kwanza kilipomgusa, binti yangu alipiga yowe. Cha pili, alianguka chini. Cha tatu hakikumfikia, maana alikuwa amekimbilia nyuma ya tangi la maji na kuanza kujiuma mkono. Shangazi mmoja wa mume wangu, bila ubaya wowote, akasema, "Huyu hajafundishwa salamu." Nilimjibu vibaya, tena mbele ya watu, na hadi leo sijapata ujasiri wa kumwomba msamaha vizuri.

Tuliporudi Lanet, mume wangu alinipa mgongo akijifanya anatafuta chaja. "Tumpeleke aonekane," akasema. Nikasema sawa. Katika ndoa yetu sikumbuki jambo jingine tulilokubaliana haraka hivyo.

Hospitalini tulipangiwa siku, tukasubiri, tukapangiwa nyingine. Walimpima masikio, yakawa mazima. Daktari alituuliza maswali mengi kuliko niliyowahi kuulizwa siku ya mahari, akamtazama mtoto akicheza, akamtazama tena wiki nyingine. Mwisho akasema ni usonji. Alisema kwa upole na akatungoja tumeze. Nilikwenda chooni, nikalia, nikaosha uso, nikarudi nikamuuliza kinachofuata ni nini. Dukani mteja akiniuliza hivyo huwa namheshimu.

Kilichofuata ni mtaalamu wa kuwasaidia watoto kama wetu katika mambo ya kila siku, kama kula, kucheza na kuomba. Alikuwa mwanamke kijana mwenye raba nyeupe, na alifanyia kazi yake sakafuni. Sikumpenda mara moja kwa sababu alionekana mdogo. Alituambia tumefika vizuri, kwamba miaka mitatu ni mapema, na nilipomwambia tumechelewa alisema anayesema amechelewa huwa anapoteza mwezi mwingine akijilaumu. Hapo nikaanza kumpenda.

"Tupange vitu vichache," akasema. "Tukipanga kumi hamtafanya hata kimoja." Akachukua karatasi. La kwanza na kubwa: mtoto apate njia ya kuomba anachotaka, iwe kwa mkono, kwa picha au kwa neno, yoyote itakayomjia. Alieleza kwamba kulia kwake na kujiuma mara nyingi kulikuwa ni maombi ambayo hatukuyaelewa. La pili: acheze na mtu mwingine hata kwa dakika mbili. Halafu akasema kitu ambacho nilikisikia na kukiacha kipite. Alisema saa moja naye kila baada ya wiki kadhaa haiwezi kumfundisha mtoto kuomba. Mpango ni wa nyumbani, wa mchana kutwa.

"Mchana anakaa na nani?"

"Na bibi yake," nikasema. "Lakini yeye mambo haya hawezi kuyaelewa. Niandikie mimi."

"Siku nyingine mje naye."

Nikasema ndiyo, na sikufanya hivyo. Nilijiambia magoti yake hayafai kwa safari. Ukweli ni kwamba nilitaka mpango uwe wangu. Nilikuwa nimeshindwa kuona kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu kwa mwaka mzima, na sasa nilitaka mimi ndiye nikirekebishe, peke yangu, na watu waone.

Wiki hiyohiyo nilipita kwenye shule moja ya chekechea kuulizia nafasi ya baadaye. Mwalimu mkuu alinikaribisha chai. Alinisikiliza, akatikisa kichwa. "Lugha ngapi kwa hiyo nyumba?" Nikamwambia Kipsigis, Kiswahili, na Kiingereza kidogo. Akaweka kikombe chini. "Mama, tatu? Si ndio maana amekuwa confused? Chagueni moja. Na hapa kwetu ni English."

Hakuwa na nia mbaya. Watu wengi wa huku kwetu wangeniambia hivyo, na wengi wamewafanyia watoto wao hivyo bila hata kuambiwa. Mzazi anayemwambia mtoto "come, baby" kwenye foleni ya benki tunamwona amesoma. Nilitoka pale kama mtu aliyeandikiwa dawa. Sikurudi kumuuliza mtaalamu. Mimi, ninayewafokea wakulima wanaochanganya dawa mbili ndani ya chupa moja, nilichukua mpango wa mtu aliyesomea kazi hiyo nikauongezea mstari wangu.

Nilipasua katoni la dawa ya minyoo, nikaandika kwa kalamu nene kwamba katika nyumba hii mtoto ataongeleshwa Kiingereza peke yake, nikalibandika juu ya jiko. Kogo hakuweza kulisoma. Ilibidi nimweleze.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe, mama, utatumia maneno machache tu. Come. Eat. Water. Sleep. Hayo manne yanatosha kwa sasa."

Alijaribu. Lazima niseme alijaribu. Jioni ile nilimsikia jikoni akijisomea maneno hayo kwa sauti ndogo, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyeogopa kuchapwa. Kesho yake alimwita mtoto kwa neno la kwanza, mtoto akapita. Akamwita tena, akapita. Kwa wiki moja alisema maneno yake manne, kisha akabaki na mawili, kisha akanyamaza. Alimwosha akiwa amenyamaza. Alimlisha akiwa amenyamaza. Maharagwe yalichaguliwa kimya, nguo zikaanikwa kimya. Nikirudi kutoka dukani nilikuta nyumba imetulia, na nitasema ukweli wote: nilifurahi. Niliona sasa tuna nidhamu.

Jioni na Jumapili nilimkalisha mtoto kwenye kiti na kumfundisha. "Say water." Nilishika kikombe juu. "Say water." Aliangalia dirisha. Nilikuwa na daftari, na ndani yake niliandika kila kitu kwa tarehe na saa, kwa hivyo siwezi kusema sikuona. Mwezi wa kwanza niliandika kwamba ameacha kuguna. Mwezi wa pili niliandika kwamba haingii tena jikoni kumwegemea bibi yake. Niliandika kwamba anajiuma zaidi, hasa mchana, na kwamba amepata alama kwenye mkono wa kushoto. Pembeni ya kila jambo niliandika neno usonji, nikapiga mstari chini yake.

Jumapili moja baada ya kanisa, mume wangu akiwepo, Kogo alitoka chumbani na blanketi zake zimekunjwa.

"Nimeona niende nyumbani," akasema. "Huyu mtoto mmemwekea kazi ya watu wamesoma. Mimi hapa nakaa tu kama kiti."

Mume wangu alinitazama. Nilipandwa na hasira, kwa sababu niliogopa, na hasira ndiyo njia yangu ya kuogopa. Nilimuuliza kama ananiachia mtoto mgonjwa. Nilimuuliza nani atamlea nikienda kazini. Kogo alisubiri nimalize, kisha akasema mtoto si mgonjwa. Alisema hivyo tu, akaendelea kukunja.

Kwa mara ya kwanza nilifikiria nyumba hii bila yeye. Msichana wa kazi angekuja, angemuogopa mtoto, angeondoka. Wa pili vilevile. Karatasi ya mtaalamu ingebaki karatasi tu, na binti yangu angefika umri wa shule akiwa hana njia ya kumwambia mtu yeyote kwamba ana kiu. Nikamwomba Kogo kitu kimoja: aje nasi hospitalini mara moja, halafu aende akitaka. Alikubali, nadhani kwa ajili ya kuniondoa mbele yake.

Mtaalamu alituketisha sote kwenye mkeka. Mtoto alijipenyeza chini ya meza na vipande vya mbao akaanza kuvipanga. Mtaalamu hakuniuliza mimi. Alimgeukia Kogo. "Mama, mchana mnafanya nini na yeye?"

Kogo alinitazama kabla ya kujibu. Alikuwa anaomba ruhusa. Mwanamke aliyezaa watoto saba na kuwalea wote alikuwa ananiomba mimi ruhusa ya kufungua mdomo. Iliniuma, na ilistahili kuniuma.

"Namwosha. Nampa chakula," akasema.

"Huwa unaongea naye lugha gani?"

"Siongei."

Mtaalamu alinigeukia. Ikabidi nieleze habari ya mwalimu mkuu, na katoni, na maneno manne. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia upumbavu wangu mwenyewe, na nikawa naongea kwa kasi ili nimalize. Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Alimwambia Kogo, "Hebu ongea naye sasa, vile ulikuwa unaongea zamani."

Kogo alikohoa. Akaanza polepole, sauti ikiwa imekauka, na mimi sikuelewa hata neno. Nadhani alikuwa anamweleza habari za kawaida, ng'ombe gani amezaa, nani amejenga. Chini ya meza, mbao ziliacha kugongana. Binti yangu aligeuza kichwa. Hakutoka, hakutabasamu, hakufanya lolote ambalo mtu angelipiga picha. Aligeuza kichwa tu, akakiacha kimegeuka muda wote Kogo alipokuwa akiongea. Kisha akaguna.

"Hakuna lugha imeleta usonji, na hakuna lugha itautoa," mtaalamu aliniambia. "Lakini anahitaji mtu wa kuongea naye siku mzima, kwa ile lugha huyo mtu anaijua vizuri. Mlikuwa naye. Bado mko naye."

Nililia tena, na safari hii sikwenda chooni.

Mpango wa pili tuliupanga pale pale, na ulichukua karibu saa mbili kwa sababu Kogo ni mbishi kuliko mimi. Mtaalamu alianza na mchana wa Kogo jinsi ulivyo: maziwa asubuhi, maharagwe, nguo, kutoka nje kidogo, chakula. Katika kila kimoja walitafuta mahali pa mtoto kuomba. Maziwa yawekwe kwenye kopo lenye kifuniko kigumu. Maharagwe makavu, ambayo mtoto alipenda kuzamisha mikono ndani yake, yawekwe kwenye mkebe uliofungwa. Mlango ufungwe, na geti. Kogo aketi naye mbele ya kitu kilichofungwa, aseme neno moja, kisha angoje ahesabu hadi kumi. Mtoto akigusa, akivuta mkono wa mtu, akitoa sauti yoyote, kifunguliwe mara moja.

"Kumnyima mtoto maziwa?" Kogo akauliza.

"Si kumnyima, mama. Ni kumpa nafasi. Hata akikaa kimya, ukimaliza kumi unampa."

Picha za kadi Kogo alizikataa. Alisema mtoto anajua kikombe, kwa nini aonyeshwe picha ya kikombe. Mtaalamu akasema waanze na kikombe chenyewe, picha zitakuja zikihitajika. Habari ya kumgusa kichwani ilikuwa ngumu zaidi. Kogo alisikiliza akielezwa kwamba mguso ule humchoma mtoto, na uso wake ukabadilika, maana alikuwa amembariki hivyo tangu azaliwe. Mwisho wakakubaliana awe anamnyooshea kiganja, mtoto akitaka aweke mkono wake, asipotaka basi. Kogo alisema atawaeleza watu wa Keringet mwenyewe, na atakayebisha abishane naye.

Tulipofika nyumbani nilibandua lile katoni. Kogo alizirudisha blanketi kitandani. Alisema atakwenda kwao wiki moja tu wakati wa kuchimba viazi, na mimi nikasema hata mbili, nikitumaini kwamba atakataa.

Sitaki kudanganya mtu kwamba mambo yalinyooka. Wiki tatu za kwanza mtoto alilia mbele ya kila kifuniko. Kisha siku moja akauchukua mkono wa Kogo na kuuweka juu ya kopo, na Kogo akanipigia simu dukani, nikamwacha mteja na pakiti mbili za mbegu za sukumawiki mkononi. Baadaye akawa anagonga kifuniko kwa kidole. Alirudi kuegemea magoti. Kuguna kukarudi, tena kukawa kunapanda na kushuka kama mtu anayesimulia. Alama kwenye mkono ikaanza kufifia. Jumapili mume wangu alilala sakafuni na kumsukumia mpira, na mara nyingine mpira ulirudi. Mimi nilikuwa mwanafunzi mbaya kuliko wote. Nikiambiwa nihesabu kumi, ninaruka kutoka nne hadi saba.

Wakati wa viazi ulipofika, Kogo aliondoka Jumatatu na mume wangu akaenda Naivasha siku hiyohiyo. Niliomba likizo ya wiki moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, na kilio kilikuja. Mtoto alizunguka nyumba akimtafuta Kogo chumbani, jikoni, nyuma ya tangi letu la maji.

Jumanne alianza na sauti mpya. "Yat." Alikuwa na sauti zake nyingine kabla ya hapo, moja kama saa ya ukutani, nyingine kama pikipiki inayokataa kuwaka, na nyakati nyingine alizirudia asubuhi hadi jioni. Hii niliiweka kundi hilo. "Yat," mbele ya geti. Nikamwambia kuna baridi, hatutoki. Akajitupa chini. "Yat," karibu na mkoba wangu. "Yat," mlangoni. Nilitoa daftari nikaandika: sauti mpya, mara kumi na moja, nimuulize mtaalamu kama ni tabia ya kurudiarudia.

Jumatano mchana nilikuwa nimetoka kufagia. Aliubeba mkebe wa maharagwe kwa mikono miwili kutoka jikoni, akauweka mapajani mwangu, akaangalia vidole vyangu. "Yat," akasema. Nilifikiri ananiletea. Nilifurahi kwa sababu hakuwahi kuniletea kitu. Nikamwambia asante sana mama, nikauweka mkebe juu ya kabati, maharagwe yasije yakamwagika sakafu ikiwa safi. Alinitazama, kisha akaenda kulala kifudifudi karibu na mlango. Hakulia hata kulia.

Hapo Kogo akapiga simu, kama alivyofanya kila siku saa ya chakula, kuuliza kama mtoto amekula. Nilimsikia akihema, na nyuma yake majembe na watu wakiitana shambani.

"Amekula," nikasema. "Lakini tangu jana ana sauti moja. Yat, yat, yat. Kichwa kinaniuma."

Nikamsikia akisogea mbali na majembe.

"Amesema akiwa wapi?"

"Kila mahali. Kwa geti. Kwa mlango. Sasa hivi ameniletea mkebe wa maharagwe."

"Ukafanya nini?"

"Nikauweka juu."

"Mama," Kogo akasema. "Hiyo ndio neno mimi humwambia. Anakwambia fungua."

Niliiweka simu sakafuni bila kuaga. Siku mbili binti yangu alikuwa ameniomba. Aliniomba getini, akaniomba mlangoni, akaniletea mkebe mapajani akaniomba kwa heshima, na mimi nikaandika kwenye daftari kwamba ana tabia. Neno la kwanza la maisha yake lilikuwa limetoka, na mtu aliyekuwa na kasoro ya lugha ndani ya nyumba hiyo alikuwa mimi.

Niliushusha mkebe. Nikaketi karibu naye, nikauweka kati yetu, nikahesabu kumi bila kuruka. Hakugeuka. Alikuwa amechoka nami, na simlaumu. Kwa hivyo nikasema mimi, kwa lafudhi yangu ya watu wa reli, neno la kwanza la Kipsigis nililowahi kumwambia mwanangu. "Yat?"

Akainuka. Aliweka kiganja juu ya kifuniko. "Yat," akasema, na nikafungua. Alizamisha mikono hadi viwiko. Maharagwe yakamwagika kila upande na nikayaacha. Tulikwenda mlangoni, akasema, nikafungua. Tulikwenda getini, akasema, nikafungua, tukasimama nje kwenye baridi bila sweta, tukarudi. Alinifanya nifungue mkoba wangu, droo ya vijiko, kopo la maziwa, na dirisha la choo ambalo halikuwa limefunguliwa tangu tuhamie.

Nilipoikumbuka simu, ilikuwa sakafuni kati ya maharagwe na Kogo hakuwa ameikata. Nilisikia akiwaeleza watu wa shambani kwa lugha yao, akicheka na kulia pamoja. Nilimwita mara mbili kabla hajanisikia. Nikavuta daftari, nikafungua ukurasa mpya.

"Kogo, niambie maneno mengine unayomwambia mchana."

"Yote?"

"Yote," nikasema. "Lakini polepole, naandika."